Mtungi umeisha kwa siku tisa na bia bado haina gesi: pa kuanzia

Msomaji wa Kasarani anayejipikia bia nyumbani anauliza: "Nilinunua kegi ya mitumba ya lita 19, ile ya konekta za gololi. Nikatia bia, nikaweka presha ya psi 12 kama jedwali linavyosema kwa nyuzi joto 4, nikaiacha kwenye friji siku tano. Glasi ya kwanza ilikuwa povu tupu, na povu lilipotulia bia yenyewe ilikuwa imelala kama maji. Nikashusha presha hadi 6 ili povu lipungue, mambo yakaharibika zaidi. Siku ya tisa mtungi wa kilo 2 ukawa mtupu. Inavuja wapi? Nibadilishe oringi zote, zile pete za mpira?"

Una matatizo matatu, na linalovuja ni moja tu. Mengine mawili yangekupata hata kama kegi yako ingekuwa mpya, kwa sababu unaishi Nairobi na jedwali lako liliandikwa kwa mtu aliye pwani.

Tuanze kwa kutenganisha mambo. Gesi hii, kabonidaioksidi, ikivuja kwenye paipu au kwenye kifuniko, bia haifi papo hapo. Maadamu mtungi una gesi na regulata, kifaa kinachopunguza presha ya mtungi, inashikilia presha uliyoiweka, kinachotoroka hujazwa tena kutoka mtungini, na bia huendelea kunyonya gesi yake kama kawaida. Unachopoteza ni pesa. Bia huanza kufa siku mtungi unapoisha, au siku unapofunga valvu ukidhani unaokoa gesi. Yako ilikuwa imelala siku ya tano, mtungi ukiwa bado unasukuma. Kwa hiyo uvujaji haukuiua, ingawa upo, na ni mkubwa.

Ukubwa wake tunaujua kwa hesabu. Bia ya kawaida hubeba ujazo 2.5 wa gesi, yaani lita mbili na nusu za gesi zilizoyeyuka katika kila lita ya bia. Hiyo ni karibu gramu 5 kwa lita, au gramu 93 hivi kwa kegi nzima. Sehemu yake hamira iliiacha humo wakati wa kuchachuka, hivyo mtungi huongeza kama gramu 65. Kuisukuma bia yote hadi glasi ya mwisho huchukua gramu 70 nyingine. Jumla haifiki gramu 150. Ukihesabu na gesi ya kufukuzia hewa, mtungi wa kilo 2 unapaswa kuhudumia kegi kumi, au nane ukiwa na mkono wazi. Wako haukumaliza hata moja.

Lakini kabla hujamlaumu oringi, je, mtungi ulipimwa? Begani mwake umegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Mtungi wa gesi ya kupikia huukubali dukani bila kuuona kwenye mizani? Basi na huu usiukubali. Gesi yenyewe haiadimiki hapa kwetu, kwani kampuni ya Carbacid huitoa ardhini kule Kereita, Lari, ila agiza ya kiwango cha chakula, usichukue ya kuchomelea. Na usiitegemee geji ya upande wa mtungi kujua kilichobaki. Ndani mna kimiminika, na maadamu bado kipo, geji itasoma karibu bar 57 kwa nyuzi 20, uwe umebakiza kilo mbili au kilo moja. Ikianza kushuka, kimiminika kimekwisha na uko ukingoni. Ukiuweka mtungi kwenye friji, sindano itashuka hadi karibu bar 39. Huo ni ubaridi, hakuna kilichovuja. Mizani ya jikoni inayobeba kilo kumi ndiyo geji yako ya kweli: pima Jumamosi, pima tena Jumapili, na kila gramu iliyopotea bila bia kunywewa wala kunyonya gesi imevuja.

Hapa naomba uwe makini. Kilo 2 za gesi hii, zikitoka zote kwa presha ya hewa ya Nairobi, hujaza karibu lita 1,300. Kwenye bedsita ya mita tatu kwa tatu yenye dari ya mita mbili na nusu hiyo ni karibu asilimia 6 ya hewa yote, na asilimia 4 tayari huhesabiwa kuwa hatari kwa uhai. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini, mahali kilipo kitanda. Mpaka uvujaji upatikane na kuzibwa, funga valvu ya mtungi kabla ya kulala, na usiuweke chumba unachofungia madirisha. Usimamishe wima daima, maana ukilala kimiminika huingia kwenye regulata na kuiharibu. Na usilegeze posti (vile vichwa vinavyovalishwa konekta) wala kifuniko cha kegi kabla hujavuta pete ya valvu ya usalama na kusikia kimya.

Sasa uvujaji. Pima vipande viwili mbalimbali, la sivyo utazunguka wiki nzima.

Kwanza regulata na paipu bila kegi. Chomoa konekta ya gesi kwenye kegi, hujifunga yenyewe. Fungua mtungi, pandisha presha hadi psi 30, kisha funga valvu ya mtungi kabisa. Tia alama ya kalamu kwenye kioo cha geji zote mbili, uiache kwa muda wa saa tatu. Ya kuangalia ni ile ya presha kubwa, kwa kuwa ndiyo inayoilisha ndogo: kukiwa na tundu popote mbele yake, yenyewe hushuka mapema huku ndogo ikionekana imetulia. Ikishuka, chukua maji kikombe kimoja na matone machache ya sabuni ya vyombo, yatie kwenye chupa ya kupulizia, loanisha kila kiungo na usubiri dakika nzima. Tundu kubwa hutoa mapovu mara moja. Lile dogo, ambalo ndilo humaliza mtungi kwa wiki, hutoa kishungi cha povu jeupe laini kinachokua polepole, na mwenye haraka hukipita.

Kwa uzoefu wa mafundi wa kegi, mshukiwa wa kwanza ni washa kati ya regulata na mtungi. Kiungo hicho huzibwa na washa, nyuzi za nati hazizibi chochote. Ukizungushia tepu nyeupe ya fundi bomba hufanyi lolote ila kuzuia nati isikaze vizuri. Washa ya plastiki iliyokwisha kuminywa mara moja haikai tena ilivyokuwa. Weka mpya kila unapobadilisha mtungi, kisha kaza kwa spana, usitegemee mkono. Vivyo hivyo viungo vya mdomo wa koni kwenye konekta: vina muhuri wao, tepu huvifanya vivuje. Tepu ni ya nyuzi za mabomba zinazozidi kukaza kadiri unavyozungusha, basi.

Mshukiwa wa pili ni klipu za paipu. Zile za kukaza kwa bisibisi huacha pengo dogo chini ya kichwa cha skrubu, hasa paipu ikiwa nyembamba. Chovya ncha ya paipu kwenye maji moto, iingize mpaka mwisho wa kiungo, ndipo ukaze. Paipu ngumu iliyolazimishwa nusu haitazibwa na klipu yoyote.

Pili, kegi yenyewe, ikiwa tupu. Neno hilo "tupu" ndilo muhimu. Kegi yenye bia isiyo na gesi itashusha presha hata kama imezibwa vizuri kabisa, kwa sababu bia inainyonya, na mtu akiona sindano inashuka huanza kung'oa oringi zisizo na kosa. Kegi ikipozwa pia hudanganya: psi 30 iliyotiwa kwa nyuzi 24 itasoma 27 hivi ikifika nyuzi 4 bila hata punje ya gesi kutoka. Basi hamisha bia au subiri iishe, osha kegi, ijaze gesi hadi psi 30 ikiwa kwenye joto la chumba, chomoa, iache usiku kucha mahali palepale. Asubuhi unganisha tena paipu ambayo imeshafaulu mtihani wake, mtungi ukiwa umefungwa, usome. Ikipungua zaidi ya psi moja au mbili, igeuze kichwa chini kwenye beseni la maji ili kifuniko na posti zote mbili zizame. Mapovu yatakuonyesha.

Kwenye kegi ya mitumba, tazamia kifuniko kwanza. Kile ni kifuniko chenye umbo la yai kinachozibwa na presha ya ndani. Wenzo wa juu hukishikilia tu mahali pake. Presha ikiwa ndogo, hakijazibika. Ndiyo maana ulipotia psi 12 moja kwa moja, inawezekana kilikuwa kinapumua tangu dakika ya kwanza, na uliposhusha hadi 6 ukakifungulia mlango. Paka oringi yake kubwa grisi ya silikoni ya kiwango cha chakula, kiasi cha kung'aa tu, kaza wenzo huku ukikivuta kifuniko juu, kisha tia psi 30 kwa mpigo. Utasikia kikijikaza. Baada ya hapo toa gesi ya juu kwa valvu ya usalama mara tatu au nne ili kufukuza hewa, na ushuke kwenye presha ya kawaida. Kikivuja upande mmoja tu, kizungushe nusu duara. Midomo ya kegi za zamani haiko sawasawa, na kifuniko hupata mahali pake.

Posti zina sehemu tatu za kuvujia. Oringi ya nje, inayobanwa na konekta, huvuja konekta ikiwa imeunganishwa tu. Popeti ya ndani, ile inayobonyezwa, huvuja konekta ikiwa imetolewa: weka tone la maji ya sabuni juu ya shimo uone. Na oringi ya mrija wa ndani, chini ya posti, huvuja wakati wote na haionekani mpaka ufungue. Hakikisha pia hujabadilishana posti. Ya gesi kwa kawaida ina mikato midogo kwenye kingo za sehemu ya spana, na konekta yake ni ya kijivu au nyeupe. Ya bia ni nyeusi. Konekta iliyoingia kwa kulazimishwa haiko mahali pake.

Oringi za kegi nzima ni tano: kubwa moja, mbili za nje, mbili za mirija. Jibu la swali lako ni ndiyo, zibadilishe zote. Kegi ya aina hii ilizaliwa kubeba sharubati ya soda, na mpira uliokaa na sharubati hauachi ladha hiyo hata ukiuchemsha. Maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road yana oringi za kila kipimo, lakini nyingi zimetengenezwa kwa mafuta na haidroliki na zina harufu. Kwa washa ya dharura sawa. Kwa kinachogusa bia, tafuta za silikoni au za mpira wa EPDM zilizoandikwa kuwa za chakula.

Tukija kwenye bia iliyolala, hapa ndipo Nairobi inapoingia.

Gesi inayoyeyuka kwenye bia hufuata presha kamili, yaani ile ya geji pamoja na ya hewa inayotuzunguka. Pwani hewa ina psi 14.7. Nairobi, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, ina kama psi 12. Geji haihesabu hewa. Husoma sifuri Mombasa na sifuri Nairobi. Kwa hiyo psi 12 ya Mombasa ni 26.7 kamili, na psi 12 ya kwako ni 24 tu. Kwa nyuzi 4, mwenzako wa Mombasa anapata ujazo 2.5 na wewe unapata kama 2.25, hata mkisubiri wote mwezi mzima. Ongeza psi 2.7 kwenye kila namba ya jedwali. Kwa bia ya kawaida kwenye nyuzi 4 inafika karibu psi 15, ambayo kwa bahati njema ni takriban bar moja, rahisi kukumbuka. Aliye Limuru aongeze 3.5.

Na muda. Ukiweka presha na kuiacha bila kutikisa, siku tano hazitoshi. Hesabu siku kumi, na bora kumi na nne. Ukiwa na haraka, tia psi 30 kwa saa 24 bia ikiwa tayari baridi, kisha funga, toa gesi ya juu, rudi kwenye 15 na uonje kesho yake. Usiache 30 kwa siku tatu, kurudisha bia iliyojaa gesi kupita kiasi ni kazi ya kuchosha kuliko kuitia.

Joto pia lipime vizuri. Weka kipimajoto kwenye glasi ya maji iliyolala ndani ya friji usiku kucha, kwa maana hewa ya friji hubadilika kila mlango ukifunguliwa. Friji ya nyumbani inayosemekana ni nyuzi 4 mara nyingi ni 8 au 10, na stima ikikatika alasiri nzima ndiyo usiseme. Kwa nyuzi 10, psi 12 yako ya Nairobi inakupa ujazo 1.85 hivi. Hiyo ndiyo "maji" unayoielezea.

Sasa kwa nini povu tupu kwenye glasi, ikiwa gesi ni kidogo? Kwa sababu mwendo wa bia kwenye paipu hauhusiani na presha kamili. Hufuata tofauti kati ya ndani ya kegi na nje, yaani ile ya geji. Paipu ya bia ikiwa fupi, bia hufika bombani kwa kasi, inajigonga, gesi yote inaruka kuwa povu, na kinachobaki chini ni bia iliyonyang'anywa gesi. Mtu akiona povu hushusha presha. Presha ikishuka, gesi hutoka kwenye bia ndani ya kegi na ndani ya paipu, povu linazidi, anashusha tena. Kufikia mwisho wa wiki kegi nzima imekufa na kila mtu analaumu oringi.

Dawa ni urefu. Kwa paipu ya ndani milimita 5, mita 3 hutosha psi 12. Kwa psi 15 weka mita 3.5 hadi 4. Kwa ile nyembamba ya milimita 4, anza na mita 2 na ukate kidogo kidogo. Hapa Nairobi inakuuma mara mbili: unahitaji geji isome juu ili gesi iingie, na geji ikisoma juu unahitaji paipu ndefu. Usiirefushe kwa vipande viwili na kiungo katikati, kiungo chenyewe huzua povu. Izungushe yote ndani ya friji. Paipu au bomba la nje likiwa na joto, glasi ya kwanza itatoa povu hata ufanye nini. Mwaga nusu glasi, zinazofuata zitakuwa sawa. Na fungua bomba mpaka mwisho. Kulifungua nusu ukidhani unapunguza kasi ni kutengeneza povu kwa mkono wako.

Kuna uvujaji mmoja unaofanana sana na hali hii, na ndio pekee unaoharibu bia moja kwa moja: oringi ya mrija mrefu, chini ya posti ya bia. Ikichakaa, gesi ya juu ya bia hupenya na kuingia kwenye paipu pamoja na bia inayotoka. Sabuni haitauona, kwa kuwa hautoki nje. Tazama paipu wakati unamimina. Vipovu vikianzia palepale kwenye konekta na kuja mfululizo, ni oringi hiyo. Vikijikusanya katikati ya paipu wakati hamna anayemimina, ni joto au presha ndogo.

Kabla ya kuihukumu bia, ipime. Shusha presha ya kumiminia hadi psi 4 kwa dakika moja, mimina polepole nusu chupa safi ya plastiki ya nusu lita, minya hewa yote itoke, funga, tikisa kwa nguvu. Ikifura ikawa ngumu kama mpira, gesi imo na kosa liko kwenye paipu. Ikibaki laini, gesi haijaingia. Rudisha presha mara moja. Glasi nayo isisahauliwe: mafuta kidogo au sabuni ambayo haikusuuzwa huua povu, na bia yenye gesi ya kutosha itaonekana imekufa.

Kwa bia uliyonayo leo, usiimwage. Ukipata gesi, pima mtungi kwenye mizani, badilisha washa, fanya mtihani wa paipu. Kisha tia grisi kifuniko, psi 30 kwa saa 24, halafu 15 na uiache wiki nzima. Kama hamira bado ni hai na kifuniko kimeshathibitika, unaweza badala yake kutia gramu 90 za sukari iliyochemshwa kwenye maji kidogo na kuacha kegi nje ya friji wiki mbili, lakini anza na psi 30 ya kukaza kifuniko. Gesi ya hamira huja polepole mno kukikaza yenyewe, nayo yote itapita kandokando ya oringi ile ile.

Mtihani wa kegi tupu ufanye ikiisha, kabla hujatia bia nyingine.